Kukonda si kuwa fiti: maswali yenu kuhusu ulaji na afya ya wanamichezo

Binti yangu ana miaka 18, anakimbia mita 5,000 na yuko kambini Iten. Miezi minne sasa hajaona siku zake. Kocha anasema ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Ni kweli?

Si kweli, mama. Mara nyingi hedhi ya mkimbiaji hukatika kwa sababu chakula anachokula hakilingani na kazi anayoifanya. Mwili wenye njaa hulisha moyo na ubongo kwanza, na uzazi ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kukatiwa. Ubongo hupunguza ishara kwa ovari, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa inayolindwa na homoni hiyo huanza kudhoofika. Kwa umri wake bado anaweka akiba ya mifupa atakayoitumia hadi uzeeni. Akiikosa sasa, ni vigumu kuirudisha yote.

Kama analalamika mguu, mbonyeze muundi kwa kidole kimoja. Maumivu ya misuli husambaa. Ya ufa wa mfupa hukaa mahali pamoja, padogo kama sarafu, na akiruka kwa mguu huo yanachoma. Eksirei inaweza isionyeshe kitu wiki mbili tatu za kwanza, kwa hiyo picha safi isiwe ruhusa ya kurudi uwanjani.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, ni safari ya hospitali. Wataanza na kipimo cha mimba. Asione anatuhumiwa, ndio utaratibu. Kisha watapima homoni nyingine, zikiwemo za tezi ya shingo. Akipewa vidonge vya uzazi wa mpango atatokwa na damu kila mwezi, lakini damu hiyo inaletwa na vidonge, na mifupa inaweza kuendelea kudhoofika chini kwa chini. Tiba yenyewe ni kupunguza mazoezi kwa muda na kuongeza kilokalori 300 hadi 600 kwa siku: chapati moja, ndizi moja na kikombe cha maziwa, juu ya milo yake ya kawaida. Hedhi inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi. Msikate tamaa mapema.

Mimi ni kocha. Msichana wa kilo 50 anayekimbia kilomita 20 kwa siku ale kiasi gani? Na wavulana nao wanapata shida hii?

Tuseme kilo 8 ni mafuta, zinabaki 42. Kila kilo ya hizo inahitaji takriban kilokalori 45 kwa siku kuendesha mwili: 1,890. Kukimbia hula karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, yaani 1,000. Jumla 2,890. Akila 2,260 tu, ukitoa 1,000 za mbio, mwili unabakiwa na 30 kwa kila kilo ya hizo 42, kiwango ambacho chini yake homoni za wanawake wengi huyumba. Si mstari wa ukutani, wengine huyumba kabla ya hapo.

Upungufu huo wa 630 hauonekani sahanini. Sukuma wiki inajaza tumbo bila kuleta nishati kubwa, na mkimbiaji aliyeshiba mboga anaweza kuwa na njaa ya mwili. Tazama pia saa: kukimbia alfajiri na kukaa na chai ya rangi mpaka saa tano ni kuuacha mwili mtupu wakati unaohitaji zaidi. Chai hiyo pia hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, basi iwe saa moja baada ya mlo.

Wavulana wamo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, iliwahesabu wanaume waziwazi. Kwao testosteroni hushuka, hamu ya mapenzi hupotea, na uume huacha kusimama alfajiri. Na tafadhali, kocha, acha kuwapima uzito mbele ya wenzao.

Mimi ni bondia. Nakausha kilo 5 kwa siku mbili kabla ya kupimwa uzito. Wote wanafanya. Kuna ubaya?

Upo, na unaua. Unachopoteza ni maji. Damu inapungua, moyo unakimbia, joto la mwili linapanda bila jasho la kulipoza. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa ndani ya wiki tano wakipunguza uzito kwa njia hii. Baada ya hapo michezo ya vyuo huko ilipiga marufuku sauna na nguo za mpira. Punguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, au panda daraja la uzito. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha na uende hospitali.

Ninayeishi naye hosteli anajitapisha baada ya kula. Hajakonda hata kidogo. Nifanye nini?

Uzito wa kawaida usikutulize. Kutapika humwaga potasiamu, na moyo usio na potasiamu ya kutosha unaweza kupiga ovyo au kusimama. Huenda umeona mashavu yamevimba kama ya mwenye matumbwitumbwi, au makovu kwenye vifundo vya vidole.

Zungumza naye faraghani, taja ulichokiona, usitaje mwili wake. Hata "umenawiri" inaweza kumrudisha chooni. Mwombe akapimwe potasiamu na umeme wa moyo. Akishatapika asukutue kwa maji tu na asubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana asidi imelainisha meno. Akizimia, akitapika damu au akisema anataka kufa, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama alikuomba usimwambie mtu.

Mdogo wangu karibu hakula wiki mbili. Sasa amekubali, na bibi anataka kumpikia pilau sahani mbili. Tumwache ale?

Msimjazie. Baada ya siku kumi bila chakula, wanga mwingi kwa mpigo hupandisha insulini, nayo huvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Moyo na pumzi vinaweza kushindwa siku za mwanzo, wakati familia inashangilia. Mpelekeni hospitali leo: apimwe madini hayo, apewe vitamini B1 kabla ya kulishwa, na chakula kiongezwe kidogo kidogo huku damu ikipimwa kila siku. Mapigo yakiwa chini ya 40 kwa dakika akiwa macho, alazwe. Na kama ni mwanariadha, asiwepo wa kusema hayo ni mapigo ya mtu fiti. Pilau ya bibi ataila, daktari akishasema tayari.