Nyumba ya jamii kwa umbo la tembe: paa la udongo au bati?

SWALI: Sisi ni kamati ya kijiji wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Tunataka kujenga nyumba ya jamii: kina mama wafinyange vyungu, vijana wajifunze ngoma ya muheme na kinanda cha nyuzi cha zeze, na mbegu za mtama na uwele zihifadhiwe. Fundi katuletea ramani ya ukumbi mmoja mrefu wa tofali za saruji na bati. Wazee wanataka tembe, nyumba ya asili ya Wagogo yenye paa bapa la udongo. Je, litadumu? Paa la udongo halitavuja? – Katibu wa kamati

JIBU: Ndugu Katibu, wazee wenu wana hoja nzito, msikilizeni kabla msingi haujachimbwa. Ila tutenganishe mpangilio wa tembe na paa lake. Mpangilio ubaki, paa libadilike.

Paa la udongo lilifaa kwa kuwa Dodoma hupata mvua kidogo, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kila kaya ilikuwa na watu wa kulikandika upya kiangazi. Jengo la wote nani atapanda kuziba nyufa zake? Halafu kuna uzito. Udongo wa unene wa sentimita 20 unafika kilo 300 kwa mita ya mraba ukiwa mkavu, ukilowa unazidi. Mzigo huo unakaa juu ya nguzo zinazoliwa na mchwa, katika mkoa uliopitiwa na Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika. Na nguzo ngumu za kutosha mtazikata wapi bila kumaliza miti iliyobaki?

Wekeni bati la mteremko mmoja kuelekea uani, ukuta wa nje uwe mrefu kidogo kulipita. Kwa nje jengo litasomeka kama tembe, na maji yote yataingia kwenye mfereji mmoja wa kwenda tangini. Paa la mita za mraba 100 hapo kwenu linaweza kuvuna lita 40,000 kwa mwaka. Chini ya bati wekeni dari, la sivyo chumba kitakuwa tanuri.

Sasa mpangilio, ambao kwangu ndio urithi wenyewe. Tembe la Wagogo huwa na vyumba vifupi kwa kimo vilivyouzunguka ua, vimegeuzia mgongo upepo wa mashariki na vumbi lake, na kazi za mchana hufanyika uani. Tazameni orodha yenu: vyungu hukauka kivulini, mtama huanikwa juani, muheme huchezwa uwanjani. Karibu zote ni kazi za nje! Ukumbi ule mrefu utafaa mikutano tu. Kina mama wakibana ngoma mapajani na kuzipiga chini ya bati na kati ya kuta za saruji, mwangwi utameza kila kitu, na zeze halitasikika kabisa. Wapeni uwanja wa udongo ulioshindiliwa, wenye baraza pana la kivuli pande tatu.

Tanuri la vyungu likae magharibi mwa jengo, upepo uondoe moshi. Paa la tembe lilitumika pia kuanikia nafaka. Bati haliwezi kazi hiyo, kwa hiyo jengeni jukwaa la saruji lililoinuliwa, mbuzi wasilifikie. Ghala la mbegu liwe dogo, lenye sakafu iliyonyanyuliwa na wavu madirishani.

Kuta zijengwe kwa tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo. Udongo mweusi wa mbugani haufai, hupasuka. Tafuteni mwekundu wenye mchanga, mkaupime. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wanaweza kuwashauri. Msingi wa mawe upande angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, izunguke jengo zima kwa ajili ya matetemeko.

Kabla ya kumlipa fundi, chora ramani kwa majivu kwenye kiwanja chenyewe, kwa vipimo halisi. Waiteni wafinyanzi, wapiga ngoma na wachungaji wa mifugo waipite kwa miguu. Wachungaji hasa, maana kiwanja kikiziba njia ya ng'ombe kwenda bwawani, mgogoro utaanza kabla ya paa kuwekwa. Mkisharekebisha, pelekeni mchoro huo kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ndipo fundi achore upya.