Kilwa yangu ya kubuni: nilichoazima na nilichorudisha

Mkuu mleta uzi, umesema una kisiwa, una mji wa mawe, una sultani, na sasa hujui: uiweke Kilwa yenyewe pamoja na majina yake, au ubuni kila kitu kutoka kichwani? Mdau wa kwanza amekujibu kwamba ni fantasia tu, weka unachotaka. Wa pili amekukataza kabisa kugusa historia ya watu. Mimi huu ni mwaka wa saba nasimulia gemu la mezani, lile ambalo mimi naeleza dunia na kila mchezaji anakuwa mhusika ndani yake, kila Jumamosi, sebuleni kwa shemeji yangu hapa Dar, wachezaji watano na dado za kuazima, na nimeshakosea kwa kufuata ushauri wa kila mmoja wao. Vuteni viti, ni ndefu.

Ulimwengu wangu wa kwanza haukuwa na historia ya kwetu hata punje. Mchezo huu nilijifunza kwa vitabu vya Wamarekani. Gemu lililozaa mengine yote, Dungeons & Dragons, lilitoka 1974 huko Wisconsin, kwa watu waliokuwa wakipiganisha vinyago vya askari wa Ulaya ya zama za kati. Basi na mimi nikawa na mabaroni, ngome zenye mahali pa kuotea moto, na majira ya theluji. Siku moja wahusika wamekwama mlimani, nawaambia theluji imewafika magotini, binamu yangu akauliza: "Hiyo inalowanisha au hailowanishi?" Nikanyamaza. Sijawahi kuiona. Nikasema inalowanisha kidogo. Gemu zima lilikuwa hivyo, nasimulia vitu ambavyo na mimi nimesimuliwa. Hiyo habari ya kubuni kila kitu haipo, mkuu. Usipochagua cha kuazima utachukua kilicho karibu na mkono, na kwangu kilichokuwa karibu kilikuwa Ulaya ya mtu mwingine.

Nikageukia Kilwa. Nilikuwa nimekwenda Kilwa Masoko kwenye msiba, siku ya tatu tukavuka kwenda Kisiwani, na nilipofika Husuni Kubwa nikaliona lile bwawa la pembe nane juu ya mwamba, bahari iko chini, nikasema hapahapa. Nikaweka kila kitu kama kilivyokuwa: jina lilelile, sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mwaka 1331 alipofika Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Nilijiona msomi kweli.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Kila nikifungua mdomo kuna mtu anatoa simu. "Sarafu zao nyingi zilikuwa za shaba, mbona sisi tunalipwa dhahabu?" Hilo nilivumilia. Lililonishinda ni kwamba wote walijua mwisho. Yule anayecheza mfanyabiashara akaanza kuhamishia mali yake bara kidogo kidogo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Wareno wanakuja. Mkuu, meli za Francisco de Almeida zilifika 1505! Bado miaka 174! "Mhusika wako amejuaje?" "Ameota." Kwenye ulimwengu wa uchawi mtu akikwambia ameota utamfanya nini? Jumamosi nne wakajenga ukuta wa kukinga mizinga ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Historia ikawa gereza. (Na neno hilo lenyewe, wanaotafiti lugha husema lilitokana na neno la Kireno la kanisa, nenda Kilwa Kisiwani, ngome ya ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo.)

Kwa hiyo nikafuta majina. Mji ukawa Tumbaweni, sultani akawa Mwinyi. Lakini sikuutupa ule utaratibu uliokuwa chini ya majina, na hapa ndipo ningependa utulie.

Kilichoifanya Kilwa kuwa Kilwa ni upepo kabla ya kuba za msikiti. Kaskazi inaleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi inavirudisha. Dhahabu ilikuwa ikitoka kusini, Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na chombo cha kutoka Uarabuni hakiwezi kufika Sofala na kurudi kwao ndani ya msimu mmoja. Lazima pawe na mahali katikati ambapo dhahabu inasubiri wanunuzi, na anayepashika mahali hapo anatoza ushuru. Nikaichukua sheria hiyo nzima nzima. Tumbaweni deni linaiva upepo ukigeuka. Muuaji hawezi kukimbilia ng'ambo mwezi wa saba ikiwa ng'ambo yenyewe iko kusini. Mgeni aliyechelewa kusi anakaa miezi, anapanga chumba, anaoa, anakuwa shemeji wa mtu. Baada ya muda wachezaji wangu wakawa wanauliza "upepo gani?" kabla ya "adui yuko wapi?"

Na uchawi nikauingiza humohumo. Kwangu kaskazi na kusi ni pumzi za majoka mawili yasiyosemezana. Mwaka jana wachezaji wakalijeruhi joka la kusi, wakashangilia. Kusi haikuja. Vyombo vikarundikana bandarini, mchele ukapanda bei, wageni wenye silaha wakaanza kulala kwenye baraza za watu, na Mwinyi akawatafuta wale mashujaa kwa hasira zote. Sikuandika tukio hata moja kati ya hayo, yalijileta yenyewe kwa sababu utaratibu wa chini ulikuwa wa kweli.

Kitu kingine nilichochukua ni kitambaa. Historia ya kale ya Kilwa inasema Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa mwenye nchi kwa nguo za kutosha kukizunguka. Kisha mwenye nchi akavuka bara akiwa na nia ya kurudi kumuua, na Ali akauchimba ule mkondo ambao watu walikuwa wakiuvuka kwa miguu maji yakipwa. Nikawapa wachezaji dili lilelile na kisiwa kidogo kisicho na jina. Nilidhani wataiba kitambaa. Binti mmoja, baba yake mvuvi wa Bagamoyo, akaniuliza taratibu: "Leo mwezi umefikaje?" Nikamwambia unakaribia kuwa mpevu. Akasema watasubiri siku tatu wapime siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, kisiwa kikiwa kimebaki kidogo kabisa. Mzee mwenye kisiwa, ambaye ni mimi, akasema kwao kisiwa hupimwa maji yamekupwa, na bamvua hiyohiyo maji yakipwa hukupwa sana, mpaka mwamba wa mwisho unakauka. Tulibishana mpaka saa sita usiku bila kurusha dado. Sijawahi kupata Jumamosi nzuri kuliko ile, na mjadala haujaisha.

Hata nyumba zinasaidia. Dari za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti zina urefu wake, kwa hiyo vyumba vingi havikufika upana wa mita tatu. Mpe shujaa upanga mrefu humo uone.

Sasa lile ambalo mdau wa pili alikuwa akiligusa, na hapo ana haki yake. Ibn Battuta anasimulia kwamba sultani yule aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja anatoka msikitini, fakiri wa Yemen akamwomba nguo alizovaa. Akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Baada yake akatawala nduguye Daud, ambaye akiombwa hujibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Ndugu wawili hao ni wahusika wa bure kwa msimulizi yeyote.

Zamani, kwenye ile Kilwa ya majina, nilikuwa nimeweka soko la watumwa pembeni mwa bandari, minyororo inalia, ili mji "uonekane wa kweli". Dada mmoja wa mezani kwetu, ambaye kwao ni Kilwa Kivinje, akainuka kwenda kuchemsha chai na hakurudi mpaka tulipofunga. Sikuelewa haraka. Kivinje ndiyo bandari ambayo karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilitokea baharini. Mimi nilikuwa nimeitumia kama pambo, kama mnazi. Basi Tumbaweni nikajirekebisha kupita kiasi: kisa cha nguo nikakisimulia, lakini wale watumwa ishirini nikawageuza ng'ombe. Dada yuleyule akauliza: "Kwenye kitabu walikuwa ng'ombe?" Nikasema hapana. "Kumbe umempa Mwinyi ukarimu wa bure. Mwenzake aliulipia kwa watu."

Sasa hivi Mwinyi wangu anatoa watu. Hakuna soko wala mnada, sielezi mtu akipigwa, na kabla ya msimu kuanza niliwauliza wote kama wanataka jambo hilo liwemo. Lakini wale ishirini wana majina, wana kwao, na yeyote anaweza kuamua kuwafuata. Wamewapata saba.

Kuna nililolirudisha kabisa. Jamaa mmoja aliomba tucheze Maji Maji. Nikajaribu, na jina la Kinjikitile Ngwale likiwemo, na Ngarambe, na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Jumamosi ya pili nikafunga daftari. Ulimwengu wangu una uchawi unaofanya kazi, kwa hiyo lazima niamue: dawa inafanya kazi au haifanyi? Ikifanya kazi, sisi sita tunashangilia sebuleni ushindi ambao watu wale hawakuupata. Kinjikitile mwenyewe Wajerumani walimnyonga Mohoro Agosti 1905, na waliokufa mpaka vita inaisha wanahesabiwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Isipofanya kazi, nimesema katika dunia yangu yote wachawi wa kila taifa wanarusha moto kwa vidole isipokuwa hawa, hawa dawa yao tu ndiyo uongo. Njia ya tatu sikuiona, na sidhani ipo ukiliacha jina palepale. Nilichobaki nacho ni namna habari ilivyosafiri: watu wa makabila mengi wasio na mfalme mmoja, wanakwenda mahali pamoja, wanarudi na kitu mkononi, na wajumbe walioitwa hongo wanakipeleka mbele. Upande wa magharibi wa ramani yangu sasa kuna watu wanaopelekeana chumvi hivyo. Chumvi haimkingi mtu na chochote. Ukiipokea, umekubali.

Msidhani ni sisi wadogo tu tunaojikwaa. Warhammer, gemu la vita la mezani la tangu 1983, ramani yake ni dunia yetu iliyokwaruzwa kidogo: upande wa Ulaya kuna miji, kodi, fitina za wakuu, ukishuka Afrika unakuta jangwa la maiti wanaotembea, na chini yake misitu ya watu-mijusi. Yaani hata majina walibadilisha, lakini walichoazima kwetu ni joto tu. Civilization VI, gemu la kompyuta, ilituheshimu zaidi, Kilwa Kisiwani iliingizwa 2018 kati ya maajabu ya dunia, ila Zanzibar yao inakupa karafuu hata zama za kale kabisa, na karafuu Unguja ni mambo ya karne ya 19. Hilo halinikeri sana. Lile la watu-mijusi linanikeri.

Turudi kwako. Jina la Kilwa toa. Sultani mpe jina lingine, umwachie tabia. Upepo, bamvua na ushuru acha kama vilivyo, na andika ni nani analipia ukarimu wa jumba lako kabla mchezaji hajakuuliza. Lile wazo lako la sarafu za kisiwa kuokotwa bara la mbali ambalo hakuna aliyelifika, mdau fulani kasema umetia chumvi. Mwambie mwaka 1944 sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Halafu ile ramani uliyobandika. Huo "mto" umeanzia pwani ya mashariki ukatokea pwani ya magharibi, umekata kisiwa vipande viwili. Huo ni mkono wa bahari, mkuu, maji yake ni ya chumvi, na mji umeujenga kwenye kingo zake pande zote mbili. Watu wako wanachota wapi maji ya kunywa?