Mafunzo mtandaoni: watumishi hawafungui

SWALI: Mimi ni afisa utumishi kwenye halmashauri yenye visiwa, huku Ziwa Victoria. Tumeweka mafunzo mtandaoni kwa watendaji wa kata na vijiji. Barua zimetoka, matangazo yamebandikwa, lakini wanaomaliza ni wachache. Tufanyeje?

JIBU: Pole na kazi. Kabla ya kutuma barua nyingine, angalia bando. Video ya dakika 10, ikiwa ya kilobiti 500 kwa sekunde, inakula takriban megabaiti 38 kutoka mfukoni mwa mtumishi. Somo hilohilo kwa sauti tupu ya kilobiti 32 halifiki megabaiti 3. Basi toeni sauti pamoja na picha chache za skrini, na video ipakuliwe ofisini siku ya kikao.

Kisha chagueni somo linaloondoa kero ya wiki hii. Mtendaji anayesimamia ushuru mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, atafungua haraka somo la mashine ya POS (ya kukusanyia malipo) iliyokata mtandao katikati ya muamala: aangalie kwanza kama malipo yameingia ndipo arudie, asije akamtoza mvuvi mara mbili. “Utawala bora, sehemu ya kwanza” ataiahirisha, na hana kosa.

Wengi hukwama mlangoni: nywila imesahaulika, na namba ya kuirejesha ni laini aliyoacha kuitumia. Sahihisheni namba zote kabla ya kuzindua.

Muda nao utengwe rasmi, tuseme Jumatano saa 2 hadi 3 asubuhi, na mkuu wa idara asome wa kwanza.