Maswali yenu: Dawa ya TB, panya na sungura

Nina wiki ya tano kwenye dawa za TB. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi. Kwa nini nimalize miezi sita?

Waliokufa ni bakteria wengi, wale wepesi. Wagumu wamebaki. Mwili huwazungushia bakteria ukuta wa seli, kikawa kivimbe ndani ya pafu, na katikati yake tishu hufa na kuganda mithili ya jibini. Humo hamna mshipa wa damu. Dawa uliyomeza huletwa na damu hadi ukingoni tu. Kuanzia hapo ipenye yenyewe, na si zote zinazoweza. Rifampicin, mojawapo ya dawa zako, hujikusanya humo taratibu, dozi baada ya dozi. Usiache.

Nilisoma kwamba kuna dawa iliyoponya panya mapema zaidi. Mbona sisi hatupewi?

Bila shaka ni moxifloxacin, dawa ya kuua bakteria. Kwa panya wa maabara ilipunguza muda wa tiba, watu wakafurahi. Ikaja kujaribiwa kwa wagonjwa 1,931, wakiwamo wa Kenya na Tanzania: tiba mbili za miezi minne zenye dawa hiyo zikilinganishwa na ya kawaida. Majibu yalitoka 2014: tiba ya kawaida ya miezi sita ilifaulu kwa asilimia 92, zile mbili za miezi minne kwa 85 na 80.

Panya hakudanganya, aliulizwa swali lisilo lake. Panya wengi wa maabara hawapati ule mgando. Bakteria wao hukaa ndani ya seli, na moxifloxacin hujazana kwenye seli vizuri sana. Sungura hupata mgando, hata mapango kwenye mapafu, kama sisi. Kwake ilionekana dawa hiyo imejaa ukutani huku katikati ikiwa haba. Kwa swali hili mimi namwamini sungura kuliko panya, ingawa ni ghali kumtunza na maabara zenye usalama wa kutosha ni chache.

Hata hivyo moxifloxacin haikutupwa. Mwaka 2021 ilionekana kwamba ikiambatana na rifapentine, ndugu wa rifampicin, pamoja na dawa nyingine, miezi minne inatosha.

Wanajuaje dawa imefika wapi?

Pafu la mnyama aliyepewa dawa hugandishwa, likakatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Miale ya leza hupita nukta kwa nukta, na mashine hupima uzito wa molekuli zinazoruka. Inatoka ramani: hapa dawa ipo, hapa hamna. Wagonjwa wa Korea Kusini waliokatwa sehemu ya pafu kama tiba walipimwa hivyo hivyo, na picha ikafanana na ya sungura.

Hao panya wa maabara ndio wale wa Morogoro?

Hapana. Wale ni panya buku, hunusa makohozi kutambua TB. Hawaambukizwi wala hawapewi dawa. Wana kazi nzuri zaidi.

Ndugu yangu ana TB ya ubongo. Tumwongezee rifampicin nyumbani?

Msithubutu, ini laweza kuumia. Ila hoja yenu ina msingi. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliiwekea rifampicin alama ya mionzi wakaifuatilia kwa skana ndani ya sungura wenye ugonjwa huo. Iliyoingia kwenye ubongo ilikuwa kidogo, na ilizidi kupungua kadiri uvimbe ulivyotulia. Dozi kubwa zimekuwa zikijaribiwa hospitalini, damu ikipimwa. Mwulizeni daktari wake.