Maswali ya Wasomaji: Condor juu ya Atlantiki

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1940 ndege za Kijerumani aina ya Condor zilipiga meli nyingi za mizigo, ingawa hazikuwa na chombo cha maana cha kulengea mabomu. Ziliwezaje?

JIBU: Kwa kushuka chini kabisa. Marubani wa KG 40, kikosi cha jeshi la anga la Ujerumani, waliokaa Bordeaux-Mérignac huko Ufaransa, waliijia meli kutoka tezi, yaani nyuma yake, kama mita 45 tu juu ya maji. Kwa kimo hicho bomu huanguka sekunde 3 hivi. Ndege ikienda kilomita 290 kwa saa, bomu huwa limesonga mbele takriban mita 240 kabla ya kugonga, basi umbali huo ndio wa kuliachia. Kwa nini tezi na si ubavuni? Ukikosea umbali kidogo, urefu wa meli unakusamehe. Upana wake hausamehi. Ndivyo ilivyopigwa Empress of Britain, meli ya tani 42,348, tarehe 26 Oktoba 1940. Iliwaka moto, na siku mbili baadaye nyambizi ya Kijerumani U-32 ikaizamisha.

SWALI: Mbona Condor nyingi zilikatika zenyewe zikitua?

JIBU: Condor iliundwa kubeba abiria. Agosti 1938 moja ilitoka Berlin hadi New York bila kutua, na wepesi wa kiunzi ulichangia. Jeshi likaijaza bunduki, mabomu na matangi ya ziada ya mafuta. Ikitua kwa kishindo, kiwiliwili kilivunjika nyuma ya mbawa. Kukiimarisha kulisaidia, lakini udhaifu haukuisha.

SWALI: Nini kiliikomesha mbinu ya kushuka chini?

JIBU: Mizinga kwenye meli zenyewe, kwanza. Mita 45 ni karibu mno kwa ndege kubwa yenye kinga haba, na katika mwaka 1941 marubani wakaagizwa wafuatilie misafara ya meli na kutoa taarifa badala ya kuivamia. Kisha Waingereza wakafunga manati kwenye meli, yakirusha ndege ya kivita ya Hurricane kwa nguvu ya roketi. Pa kurudi hapakuwapo: rubani aliruka kwa mwavuli au alitua majini kando ya meli. Tarehe 3 Agosti 1941 Hurricane iliyorushwa kutoka meli Maplin iliangusha Condor, ya kwanza kuangushwa kwa njia hiyo. Baadaye Wajerumani walifunga kilengeo cha mabomu cha Lotfe 7D, wakaanza kupiga kutoka juu, mbali na mizinga midogo.