Jibu: Fluoresini yangu haiwaki, nimekosea wapi?

Mkuu, kama umepika fluoresini (rangi inayong'aa kijani ikimulikwa) kwa kemikali za rezosino na ftaliki anhidraidi ukapata unga mwekundu kama udongo wa Newala, usiutupe, rangi yenyewe ipo hapo ila asidi imeizima. Mi hapa Mtwara nilihangaika siku mbili kumbe sikuosha vizuri ile asidi ya salfuriki ya kupikia. Dondoshea kostiki soda kidogo kidogo pH (kipimo cha uasidi) ipite 8, imulike na taa ya kukagulia noti, uone kijani kinavyoruka, yani unabaki unacheka mwenyewe. Halafu usipime mwanga wake ikiwa imekolea, inameza mwanga wake yenyewe grafu ikakudanganya, zimua mpaka absobansi (kipimo cha mwanga unaofyonzwa) iwe chini ya 0.1. Kwenye besi, yani ukishatia kostiki soda, itafyonza mwanga wa urefu wa wimbi karibu nm (nanomita) 490 na kutoa wa karibu 515.