Kabla ya wakili, tafuta kadi

Shemeji yangu wa Hombolo analima zabibu. Agosti 2021 alichanjwa Janssen, chanjo ya UVIKO-19, na kama wiki tatu baadaye nyayo zikaanza kufa ganzi. Siku ya nne mkasi wa kuvunia ukawa unamponyoka. Siku ya sita mwanawe alimbeba mgongoni mpaka kwenye bodaboda. Kijijini hukumu ilishatoka: sindano hiyo! Wachache walisema karogwa.

Hospitalini tukaambiwa ni Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili imegeuka na kushambulia mishipa ya fahamu ya mwenyewe. Mimi, hasira zimenijaa, nikapanda daladala kwenda mjini kutafuta wakili. Wakili niliyempata, mama mmoja, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Kadi yake ya chanjo iko wapi?"

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali, na suruali dada alishaifua. Tarehe imekuwa doa la bluu, namba ya bechi haisomeki. Tulifuatilia rejesta ya zahanati mara tatu ndipo tukapata nakala yenye mhuri.

Nikadhani anatusumbua. Kumbe madai haya yanasimama kwenye siku. Marekani wana mpango wa fidia ulioanza 1988. Kwa chanjo ya mafua, ugonjwa huu ukianza kati ya siku ya 3 na ya 42, mdai anapunguziwa mzigo wa kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo chanzo. Nje ya hapo, mzigo wote ni wake. Kwa Janssen nako, Julai 2021 mamlaka ya dawa ya huko ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa kama 100 katika dozi milioni 12.5. Ni nadra, lakini si maneno ya vijiweni tu.

Sasa lililotuuma. Daftari la kliniki lilionyesha kwamba siku kumi kabla ya ganzi, shemeji alitibiwa kuhara. Na kuhara kwa bakteria aitwaye Campylobacter ni chanzo kinachojulikana sana cha ugonjwa huu. Dada akasema, "Kaka, si tuuchane tu huo ukurasa?" Nakiri nilisita. Wakili alikuja juu: upande wa pili wakiona ukurasa umechanwa, hata zile karatasi za kweli hazitaaminika. Ukiwa na karatasi inayokuumiza, mtu wa kwanza kumpa awe wakili wako.

Kwetu, shauri la madhara lina ukomo wa miaka 3, na ukitaka kuishtaki Serikali unatoa kwanza notisi ya siku 90. Usiwasubiri wazee wa ukoo wakubaliane. Taarifa ya madhara kwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ipelekwe mapema, ila kutoa taarifa siyo kudai fidia. Watu wengi wanachanganya hapo. Kwa chanjo zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, ulikuwapo mfuko wa nchi 92, Tanzania ikiwemo, bila ada wala wakili. Ila ulitaka kifo au ulemavu wa kudumu, na ukipokea hela unasaini kwamba hutashtaki tena.

Shemeji alianza kutembea mwezi wa tano, kwanza kwa fimbo, baadaye bila. Maombi ya fidia hatukupeleka. Faili bado liko juu ya kabati, na kadi zote za watoto dada amezipeleka Majengo zikafanyiwa laminesheni.